Jinsi ya Kusoma Maoni ya Wachezaji Kabla ya Kupakua Mchezo Halisi wa Mbio za Magari

Mchezo wa simu wa mbio za magari unaoiga uendeshaji wa kweli ni mzigo kwa simu na kwa mfuko pia. GRID Autosport, kwa mfano, unahitaji nafasi ya zaidi ya GB 3, na mkazi wa Ujiji au Gungu hapa Kigoma anayejiunga na bando la wiki anaweza kulimaliza lote kabla hajawasha gari lake la kwanza. Kwa sababu hiyo wengi hukimbilia kwanza kusoma maoni ya wachezaji, na huko ndiko wanakochanganyikiwa, kwa kuwa mchezo uleule hupewa nyota tano na mtu anayesifu kwamba magari yake yana uzito wa kweli, kisha hupewa nyota moja na mwingine anayelalamika kwamba gari linateleza tu. Mara nyingi hakuna aliyedanganya kati yao. Kila mmoja ameandika kuhusu simu yake, mipangilio yake na hatua aliyofikia, lakini mambo hayo hakuyataja, na msomaji ndiye anayebaki na kazi ya kuyatafuta.

Jua kwanza mtoa maoni amezoea nini

Michezo ya mbio iko ya aina mbili kubwa. Katika ule mfululizo wa Asphalt wa kampuni ya Gameloft, gari hupaa angani, huongezewa nguvu ya ghafla kwa kubonyeza kitufe, na kona nyingi hukatwa bila kugusa breki. Katika GRID Autosport au Assoluto Racing, na katika Real Racing 3 enzi zake, gari lina uzito, matairi yana kikomo, na asiyepunguza mwendo kabla ya kona huishia kwenye nyasi. Mchezaji aliyekulia kwenye aina ya kwanza akiandika kwamba magari ni mazito na hayakati kona, malalamiko yake ni habari njema kwa anayetafuta uhalisia. Vivyo hivyo, anayejisifu kwamba ameshinda kila shindano siku ya kwanza kabisa hajathibitisha kwamba mchezo ni mwepesi. Huenda simu ndiyo iliyokuwa ikimfungia breki, kwa msaada uliowashwa kwenye mipangilio.

Mpangilio wa kusoma

Usianze na wastani wa nyota. Tangu Novemba 2021, Google Play humwonyesha mtumiaji wastani wa nchi ambako akaunti yake imesajiliwa, na si wastani wa dunia nzima. Kwa mchezo usio na wachezaji wengi hapa Tanzania, wastani huo unaweza kuwa umetokana na watu wachache, na hasira za siku moja zikatosha kuushusha.

Panga maoni kwa kuanza na mapya zaidi, kwa sababu mchezo wa simu hubadilika kila unaposasishwa, na sifa au lawama ya miaka mitatu iliyopita huenda inahusu kitu ambacho hakipo tena. Kisha chuja maoni ya nyota tatu na uyasome kwa utulivu. Anayetoa nyota tano mara nyingi huandika maneno mawili, na anayetoa nyota moja mara nyingi ameandika huku bado ana hasira. Wa nyota tatu ndiye anayeeleza kwamba anapenda hiki lakini kile kinamkera, na huenda ameucheza muda wa kutosha. Nyota moja zina manufaa pia pale zinapolalamikia jambo moja kwa maneno tofauti, hasa kuganda kwa mchezo baada ya kusasishwa. Watu kumi wasiojuana wakitaja hitilafu moja, basi hitilafu hiyo ipo.

Lawama ya gari kuteleza

Hapa pana mengi ya kusema, kwa kuwa hakuna lawama inayojirudia kama hii na hakuna inayoeleweka vibaya kama hii.

Tairi lina kiasi maalumu cha uwezo wa kuishika barabara, na uwezo huo hugawanywa kati ya kupunguza mwendo na kugeuka. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote huku anakata kona, tairi la mbele halibakiwi na nguvu ya kugeuza gari, hivyo gari husonga mbele moja kwa moja hata usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho. Akiachia mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi, uzito hukimbilia mbele, matairi ya nyuma huwa mepesi, na mkia wa gari hutoka nje. Dereva wa daladala anayeshuka na abiria kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli hulijua jambo hilo bila kufundishwa: hupunguza mwendo juu, wakati gari bado limenyooka. Mchezo halisi unataka hivyohivyo. Isitoshe, kwa gari na barabara ileile, mwendo ukiongezeka maradufu umbali wa kusimama huwa takriban mara nne, hivyo mchezaji aliyezoea sehemu fulani ya kufunga breki akiwa na gari dogo ataipita kona kabisa siku atakapopewa gari la mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na jioni hiyo ataandika kwamba gari jipya halina breki.

Ili kujua kama lawama hiyo ina ukweli kwako, cheza barabara moja kwa gari lilelile katika hali tatu. Mara ya kwanza iache misaada yote ikiwa imewashwa: msaada wa usukani, msaada wa breki na kizuizi cha matairi kuzunguka bure. Mara ya pili zima msaada wa usukani pekee. Mara ya tatu zima na msaada wa breki, ufunge breki mwenyewe gari likiwa limenyooka, uiachie taratibu unapoanza kugeuka, na usiongeze mafuta hadi uone kona inafunguka. Kama gari bado linateleza hata kwenye kona ya mwendo mdogo, ulipoingia kwa upole, walalamikaji wana haki. Kama linatulia, basi walikuwa wakilaumu vidole vyao.

Barabara utakayochagua kwa jaribio hili ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Laguna Seca ya Kalifornia, iliyokuwamo katika Real Racing 3, ina kona maarufu iitwayo Corkscrew, ambayo dereva huifikia bila kuuona upande wa pili: barabara hupinda kushoto, kisha kulia papo hapo, huku ikiporomoka takriban mita 18. Mchezo ulioiga vizuri huonyesha gari likipoteza uzito pale juu na kuuangushia matairini pale chini. Ni kona nzuri ya kupimia mchezo, lakini ni kona mbaya ya kujifunzia, na maoni ya mtu aliyeanzia hapo nayapa uzito mdogo sana.

Uliza pia usukani unaotumika. Kuna anayeinamisha simu, anayebonyeza pembeni mwa kioo, na anayeunganisha padi ya kuchezea kwa bluutuuthi, kama wafanyavyo vijana waliozoea vibanda vya PlayStation. Anayeinamisha simu hawezi kulinganisha hisia zake na za mwenye padi. Simu za bei nafuu hutofautiana kwa ubora wa vihisi vinavyotambua mwinamo, kwa hiyo anayesema usukani unachelewa huenda anaieleza simu yake zaidi kuliko mchezo wenyewe.

Lawama ya fedha na kusubiri

Real Racing 3, uliotengenezwa na Firemonkeys ya Melbourne na kutolewa na Electronic Arts Februari 2013, ulisifiwa kwa picha na uendeshaji wake, na papo hapo ukalaumiwa kwa kumfanya mchezaji asubiri. Gari lililotumika lilihitaji matengenezo, matengenezo yalikwenda kwa saa ya ukutani, na asiyetaka kungoja alilipa kwa sarafu za dhahabu, ambazo zilinunuliwa kwa fedha halisi. Mabishano ya wakati ule yanafundisha jinsi ya kusoma maoni ya mchezo wowote wa bure: sifa nyingi huandikwa siku ya kwanza, kabla mchezo haujaanza kudai. Tafuta maoni ya mtu aliyefika mbali, anayetaja magari ya daraja la juu au mashindano ya mwisho, na umsikilize anavyosema kuhusu bei ya gari linalofuata.

Michezo ya kununua mara moja ina hesabu tofauti. GRID Autosport, ambao Codemasters waliutoa mwaka 2014 kwa kompyuta na mashine za michezo, uliletwa na Feral Interactive kwenye iPhone mwaka 2017 na kwenye Android mwaka 2019. Unalipia mara moja na hakuna matangazo ya biashara katikati ya mbio. Malalamiko ya nyota moja kwamba ni ghali yapuuze kama bei unaijua na umeikubali. Yanayosema kwamba simu fulani haiuwezi yachukulie kwa uzito, kwa sababu ni mchezo unaofanya kazi vizuri kwenye simu zilizopimwa tu.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni wapinzani. Katika Real Racing 3, rafiki uliyeshindana naye hakulazimika kuwa hewani. Gari lake liliendeshwa na kompyuta kwa kufuata muda aliouweka mwenyewe hapo awali. Walioandika kwamba wapinzani huendesha kama roboti walikuwa sahihi, ila mpangilio huo ulikuwa na faida kwa mwenye mtandao dhaifu, kwa kuwa kukatika kwa intaneti katikati ya mzunguko hakukumrusha mpinzani kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine.

Simu yako na joto

Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husafiri takriban mita 55 kwa sekunde. Simu ikiweza kuonyesha picha 20 tu kwa sekunde, gari huruka karibu mita tatu kati ya picha na picha, na hakuna mtu awezaye kufunga breki mahali sahihi kwa namna hiyo. Kwa hiyo tafuta jina la simu yako ndani ya maoni, na maoni ya wenye simu kama yako yape kipaumbele kuliko mengine yote. Simu inapopata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana wengi husema mchezo ulianza vizuri ukaharibika baada ya dakika kadhaa. Mchana wa Septemba hapa Kigoma, simu ikiwa ndani ya kava nene na imechomekwa chaji, hali hiyo huja mapema zaidi. Ichaji kwanza, vua kava, shusha ubora wa picha hatua moja, kisha ndipo uhukumu.

Kuwauliza watu mtaani

Maoni ya mdomo yana shida ileile. Ukimuuliza mtu, "Kaka, lile gemu la magari ni zuri?" atakujibu, "Zuri sana dogo, shusha tu," na utakuwa hujapata kitu. Uliza hivi: "Kaka, unaendesha kwa kuinamisha au kwa kubonyeza? Breki unafunga mwenyewe? Simu yako ina RAM ngapi? Umefika daraja gani?" Akishindwa kujibu swali la breki, yaelekea hajawahi kufungua ukurasa wa mipangilio, na sifa zake ni za mchezo uliojiendesha wenyewe. Mkopeshe sikio, lakini usitumie bando kwa neno lake.

Kupakua, kujaribu, na kuandika yako

Tafuta mahali penye Wi-Fi, na hakikisha nafasi iliyobaki kwenye simu inazidi ukubwa wa mchezo, kwa maana baadhi ya michezo hupakua mafaili mengine baada ya kufunguliwa. Kwa mchezo wa kulipia, kumbuka kwamba Google Play hukuruhusu kuomba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 tangu ulipolipa, na saa hizo huhesabiwa hata wakati mchezo bado unashuka. Usilipe, basi, kabla hujafika kwenye mtandao wa kuaminika. Fanya jaribio la hali tatu siku hiyohiyo.

Baada ya hapo andika maoni yako kwa namna ambayo wewe mwenyewe ungependa kuyakuta. Maoni ya kufaa yanaweza kuwa hivi: "Simu yenye RAM GB 4, picha za kiwango cha kati. Naendesha kwa kubonyeza, misaada ya usukani na breki nimezima. Gari linatulia ukifunga breki mapema. Baada ya nusu saa simu inapata moto na picha zinakwama. Nimefika daraja la tatu bila kununua sarafu, lakini gari linalofuata ni ghali mno." Ni sentensi chache, na kila moja inampa msomaji jambo la kupima. Mchezo ukisasishwa na tatizo likaondoka, fungua maoni yako na uyahariri pamoja na nyota ulizotoa, kwa kuwa akaunti moja huruhusiwa kuweka maoni mamoja tu kwa kila mchezo, na yale ya zamani yataendelea kusomwa usipoyabadilisha.