Kutafuta na Kurejelea Makala za Kitaaluma katika Insha ya Anthropolojia: Mfano wa Utani

Mwanafunzi wa Kitanzania anayepewa insha ya anthropolojia kuhusu utani, yaani uhusiano wa kutaniana unaotambuliwa kimila, huwa anaijua mada yake kabla hajafungua kitabu, kwa kuwa amekwisha kuwaona watani wakimwigiza marehemu mbele ya wafiwa, au wakiingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe chochote. Ujuzi huo ni mtaji mzuri, lakini mhadhiri anayesahihisha insha atataka kujua jambo lingine: ni nani ameandika juu ya hayo, wapi, mwaka gani, na ukurasa gani unaobeba hoja unayoitoa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipata makala za aina hiyo na namna ya kuzirejelea, na utautumia utani kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni mada yenye maandishi ya zamani na ya karibuni yaliyotawanyika katika majarida na lugha mbalimbali.

Kabla ya kutafuta

Usianze na neno “utani” peke yake. Insha ya kurasa chache haiwezi kubeba utani wote, na utafutaji usio na mipaka utakuletea mamia ya matokeo usiyoweza kuyachuja. Amua kwanza ni jamii gani, ni tukio gani, na ni mjadala gani wa kinadharia unaokuhusu. Swali kama “kwa nini mtani, na si ndugu, ndiye anayepewa kazi fulani katika mazishi ya Waluguru?” linakupa mambo matatu ya kutafuta, yaani Waluguru, mazishi na uhusiano wa utani, nawe utaweza kuyaunganisha na kuyatenganisha kadiri matokeo yanavyokuja.

Maneno ya kutafutia yanahitaji subira kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya maandishi haya iko katika Kiingereza, ambako utani huitwa “joking relationship”, na katika Kifaransa, ambako huitwa “parenté à plaisanterie”. Majina ya makabila nayo yana mitego yake. Wanaanthropolojia wengi wanaoandika kwa Kiingereza huondoa kiambishi cha mwanzo, kwa hiyo Wagogo huandikwa “Gogo”, Waluguru “Luguru” na Wakaguru “Kaguru”, ilhali maandishi mengi ya wakati wa Wajerumani na ya miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza hukibakiza kiambishi hicho. Anayetafuta “Wagogo” tu anaweza kuikosa makala ya Peter Rigby ya mwaka 1968 juu ya utani, ukoo na aina za undugu miongoni mwa watu hao hao. Jaribu maumbo yote mawili, na ukumbuke kwamba nchi yenyewe imebadili jina: makala ya mwaka 1944 itasema Tanganyika, na ya mwaka 1905 itasema Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Mahali pa kutafuta

Google Scholar, mtambo wa kutafutia maandishi ya kitaaluma, ni pazuri pa kuanzia na si pazuri pa kumalizia. Inachanganya makala zilizohakikiwa na wataalamu, tasnifu, ripoti za mashirika na hata maandishi ya darasani, na taarifa zake za mwaka au za mwandishi hukosewa mara kwa mara. JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ina majarida mengi ya zamani ya anthropolojia, kuanzia toleo la kwanza, likiwamo jarida la Africa lililoanza mwaka 1928. Upungufu wake ni kwamba kwa baadhi ya majarida matoleo ya miaka ya karibuni hayamo. AnthroSource ina majarida ya Chama cha Wanaanthropolojia wa Marekani. Faharasa iitwayo Anthropological Index Online, inayoendeshwa na taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza, haikupi makala yenyewe, ila inakuonyesha kwamba ipo na iko katika jarida gani, jambo ambalo mara nyingi ndilo gumu zaidi. Majarida yanayochapishwa barani Afrika yatafute katika AJOL (African Journals Online), na makala nyingi za zamani za Kifaransa zinasomeka bure katika tovuti ya Persée.

Kuhusu malipo, usilipe dola hata moja kabla hujazungumza na mkutubi. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinapata majarida ya kulipia kupitia mipango kama Research4Life, lakini wanafunzi hawajui kwa sababu lazima uingie kwa akaunti ya chuo. JSTOR pia humruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma mtandaoni idadi maalumu ya makala kila mwezi bila malipo. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, ukitaja jina la makala na sababu ya kuihitaji. Wengi hutuma nakala kwa furaha, kwani jarida haliwalipi chochote mtu anapoinunua makala yao.

Rafu zisisahauliwe. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kuchapishwa mwaka 1936 na baadaye kuitwa Tanzania Notes and Records, limejaa maelezo mafupi ya kietnografia. Mahali pake pa kuaminika ni maktabani, kama katika sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kufuata nyayo za makala

Makala nzuri hupatikana zaidi ndani ya makala nyingine kuliko katika kisanduku cha kutafutia. Chukua makala ya mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa utani, iliyotoka katika jarida la Africa, juzuu ya 13, toleo la 3, kurasa 195 hadi 210. Sentensi yake ya kwanza kabisa inaeleza kwamba ameandika kwa sababu ya maelezo mafupi ya F. J. Pedler, yaliyofuata makala mbili nyingine za Henri Labouret na Denise Paulme. Msomaji makini ana majina matatu mkononi kabla hajamaliza aya ya kwanza, na maelezo ya Pedler, yaliyomo katika juzuu hiyo hiyo, yanahusu Afrika Mashariki. Huko ni kurudi nyuma.

Kwenda mbele ni kuuliza ni nani aliyeirejelea makala hiyo baadaye. Google Scholar huweka chini ya kila tokeo kiungo kinachofungua orodha ya maandishi yaliyoitaja makala husika. Kwa kuwa makala ya mwaka 1940 ni maarufu sana, orodha itakuwa ndefu mno. Tumia nafasi ya kutafuta ndani ya orodha hiyo tu, uandike “Tanzania” au “Luguru”, nayo itapungua hadi kiasi kinachosomeka. Kwa njia hii utakutana na James B. Christensen kuhusu Waluguru (1963), T. O. Beidelman kuhusu Wakaguru (1966), na Rigby niliyemtaja. Utagundua pia kwamba kulikuwa na ubishi: Marcel Griaule aliandika mwaka 1948, katika jarida hilo hilo, kuhusu utani wa Wadogoni wa Afrika Magharibi akipinga namna ya kuulinganisha na wa kwingineko, na Radcliffe-Brown akamjibu mwaka 1949. Insha inayouonyesha ubishi huo ina uzito kuliko inayopanga majina kumi yasiyojibizana.

Soma ikisiri (muhtasari wa makala), utangulizi na hitimisho kwanza, kisha uamue kama makala inastahili kusomwa yote. Angalia usichukue mapitio ya kitabu ukidhani ni makala. Katika JSTOR hufanana sana, ila mapitio huwa na ukurasa mmoja au miwili na kichwa chake ni jina la kitabu cha mtu mwingine.

Jiulize pia mwandishi alikuwa nani na aliona nini. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na 1944, alikuwa bingwa wa elimu ya viumbe ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Hilo halimwondolei thamani, na kwa maoni yangu kazi yake bado inafaa kusomwa, lakini linakusaidia kumpima. Zaidi ya hayo, makala za kizamani zina tabia ya kueleza desturi kwa wakati uliopo, kana kwamba Waluguru wa mwaka 1963 ndio wa leo. Wewe usiandike “Waluguru hufanya hivi (Christensen 1963)”; andika kwamba Christensen aliwaeleza Waluguru wa wakati wake kuwa wakifanya hivyo, kisha useme kama una ushahidi wa hali ya sasa.

Kurejelea

Uliza idara yako inatumia mtindo gani, kwa sababu jibu la mhadhiri ndilo sheria. Katika anthropolojia, mtindo ulioenea ni wa Chicago wa mwandishi na mwaka, ambao Chama cha Wanaanthropolojia wa Marekani kiliuchukua mwaka 2015 badala ya mtindo wake chenyewe. Ndiyo maana makala za kale za American Anthropologist zina nukta mbili kati ya mwaka na ukurasa, na wanafunzi wanaoiga kutoka humo huishia na mitindo miwili katika insha moja.

Ndani ya maandishi utaandika hivi: (Radcliffe-Brown 1940, 195). Katika marejeleo, makala ya Christensen itaandikwa: Christensen, James B. 1963. “Utani: Joking, Sexual License and Social Obligations among the Luguru.” American Anthropologist 65 (6): 1314–1327. Namba 65 ni juzuu, 6 ni toleo, na zinazofuata ni kurasa za makala nzima, si za ukurasa uliounukuu. Jina la jarida ndilo linalowekwa kwa herufi za mlazo, na jina la makala hubaki katika alama za kunukuu na katika lugha yake ya asili. Kama makala ina namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha mtandaoni, iongeze mwishoni. Ukinukuu maneno ya Kiingereza katika insha ya Kiswahili, tafsiri mwenyewe na useme “tafsiri yangu”, kisha utaje ukurasa.

Makosa matatu yanastahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni la machapisho ya marudio. Makala ya Radcliffe-Brown ya mwaka 1940 ilichapwa tena katika kitabu chake cha mwaka 1952, ambamo inaanzia ukurasa wa 90. Ukisoma kitabuni ukaandika mwaka 1940 pamoja na ukurasa wa 92, umetengeneza rejeleo lisilokuwapo, kwani ile ya jaridani inaanza ukurasa wa 195. Rejelea nakala uliyoishika, na utaje mwaka wa kwanza kando yake: (Radcliffe-Brown [1940] 1952, 92).

La pili ni kurejelea usichokisoma. Kama hoja ya Pedler umeipata kwa Radcliffe-Brown, sema hivyo wazi, au uitafute ya Pedler yenyewe, ambayo ni ya kurasa chache tu. La tatu limezuka karibuni: programu za akili unde (AI) hutunga marejeleo yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli na makala isiyowahi kuandikwa. Rejeleo lolote lililotoka huko lifungue katika tovuti ya jarida, na usipoliona kwenye juzuu na kurasa zilizotajwa, lifute.

Kwa kutunza haya yote, Zotero ni programu ya bure na inatosha, ila kagua kila inachokusanya, hasa herufi kubwa na majina matatu ya waandishi wa Afrika Mashariki, ambayo mara nyingine huyagawanya vibaya. Mwandishi mmoja asionekane mara mbili kwa sababu jina lake la kati lilipachikwa pasipo pake. Siku ya kukabidhi, pitia insha ukiwa na orodha ya marejeleo pembeni, weka alama kwa kila jina unalolikuta ndani ya maandishi, na majina yatakayobaki bila alama yaondoe kwenye orodha.