Kabla ya Safari Ndefu ya Ndege, Usipige Hesabu kwa Kilomita Tu

Pasipoti iwe imebakiza miezi 6 au zaidi. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Soma jina la uwanja, si la mji tu: New York kuna JFK na kuna Newark, na kutoka mmoja hadi mwingine ni safari nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa natoka London Heathrow kwenda Los Angeles kupitia JFK. Nikaona tiketi rahisi ya kipande cha pili, inaondoka JFK saa tisa alasiri, nikainunua kwanza. Hesabu yangu ilikuwa hii: Heathrow hadi JFK ni kama kilomita 5,540, ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, basi ni saa 6 na dakika kidogo. Nikiondoka saa tano asubuhi, nikitoa saa 5 za tofauti ya majira, natua mchana saa sita na kitu. Nafasi tele.

Nilipokuja kukata tiketi ya kwanza, ikaonyesha kutua saa nane. Safari ile huchukua kama saa 8, kwa sababu ukielekea magharibi unapambana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kurudi ni kama saa 7. Ongeza na ndege kutambaa ardhini na kusubiri zamu ya kuruka. Nikajipa moyo kwamba saa moja itatosha.

Haikutosha. Marekani unapita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza unaotua, unachukua mzigo wako mwenyewe, unapita forodha, ndipo unaukabidhi upya. Nilikuwa bado kwenye foleni ya pasipoti wakati ndege yangu inafunga mlango. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, hakuna shirika lililowajibika kunipeleka mbele. Nililala kwenye viti vya uwanjani, asubuhi nikanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo: kata tiketi moja inayounganisha safari yote, ili ukichelewa wakutafutie ndege nyingine. Ukilazimika kukata mbili, acha nusu siku katikati, au lala huko.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika, kila uwanja na majira yake. Ukitoka Sydney kwenda Los Angeles unavuka mstari wa tarehe, na unaweza kutua saa ambayo kwenye kalenda ni kabla ya uliyoondoka. Tiketi ya 00:30 tarehe 14 maana yake uwe uwanjani usiku wa tarehe 13. Viza ya kupita, iulizie mapema. Marekani wanaitaka kwa wengi hata kama hutoki nje ya uwanja. Simama utembee ndani ya ndege, kunywa maji, na anayekupokea mpe namba ya ndege badala ya saa uliyokisia.