Chaja ya volti 72 haifai kila betri ya volti 72

Kabla ya kuazima chaja ya pikipiki ya umeme, soma kibandiko chake pale palipoandikwa OUTPUT. Betri ya volti 72 yenye seli 20 za NMC (lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti) hujaa kwenye volti 84. Yenye seli 24 za LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti) hujaa kwenye 87.6. Ukichaji ya NMC kwa chaja ya 87.6, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38 badala ya kuishia 4.2. Hapo kinga iliyobaki ni BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri) peke yake, na za bei poa mimi siziamini. LFP kwa chaja ya 84 haina hatari, huenda tu isijae kabisa. Plagi kuingia si ushahidi: mafundi huzibadilisha, hata chanya na hasi hupishana. Pima kwa mita kwanza.