Namna ya kuiandaa nyumba ya Nairobi kabla ndege wa kufugwa hajaingia

Julai iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya pili aliniomba nimsaidie kuitayarisha nyumba yake kwa ajili ya kokatieli wawili, wale kasuku wa kijivu wenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa. Alikuwa amekwisha kununua tundu, mtama na mbegu za alizeti, na alidhani kazi iliyobaki ni kuchagua pembe ya kulitundika tundu. Tulianza saa nane mchana tukamaliza usiku. Saa nyingi zaidi tulizitumia jikoni, na ndiyo maana sehemu ya jikoni katika mwongozo huu ni ndefu kuliko nyingine zote. Kuosha tundu, kubadilisha maji na kufagia maganda sitakueleza, kwa sababu kila anayefuga ndege anayajua hayo.

Kabla ya hatua ya kwanza, elewa jambo moja, kwa kuwa hatua karibu zote zinalitegemea. Ndege hapumui kama sisi. Hewa anayovuta hupita katika vifuko vya hewa, ambavyo kwa kawaida ni tisa, na vifuko hivyo huisukuma kwenye mapafu kwa mkondo wa upande mmoja, hivi kwamba mapafu hupata hewa mpya anapovuta pumzi na anapoitoa pia. Mfumo huo humpa nguvu ya kuruka, lakini pia huingiza sumu mwilini kwa kasi ambayo mwili wetu hauijui. Wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza walishuka migodini na kanari hadi mwaka 1986, kwa kuwa kanari alizidiwa na gesi ya monoksidi ya kaboni mapema kuliko binadamu. Baji, yaani yule kasuku mdogo wa kijani au samawati anayeuzwa sana hapa mjini, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Kwa hiyo usianze na chakula, kama wengi wanavyofanya. Anza na hewa.

Hatua ya 1: Toa jikoni kila chombo chenye utando usiogandisha chakula

Miaka sita iliyopita nilikuwa na baji wawili. Jumapili moja asubuhi niliweka kikaango cha chapati, kile cheusi chenye utando laini usiogandisha chakula, juu ya jiko la gesi lililowashwa hadi mwisho, kisha nikakiacha kikiwa kitupu huku nikimalizia kusukuma madonge. Tundu lilikuwa sebuleni na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Sikuona moshi wowote wa kunishtua, wala sikunusa harufu niliyoiona ngeni. Nilipokuwa nageuza chapati ya nne niligundua kwamba nyumba ilikuwa kimya. Jike alikuwa amelala chini ya tundu juu ya gazeti, mabawa yakiwa wazi. Dume alikuwa bado ameshika kijiti, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilimbeba hadi kwenye veranda, na huko akafia mkononi mwangu.

Utando huo ni plastiki iitwayo PTFE, iliyogunduliwa nchini Marekani na Roy Plunkett mwaka 1938. Kwa moto wa kawaida, chakula kikiwa ndani, hautoi madhara. Ukipata joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi huanza kuharibika, na kadiri joto linavyozidi hapo ndivyo unavyotoa gesi na chembe ndogo ambazo huyafanya mapafu ya ndege yavuje damu na kujaa maji. Kikaango kitupu juu ya gesi hufika joto hilo kwa dakika chache. Binadamu akivuta hewa hiyo anaweza kupata homa inayofanana na mafua, ikapita. Ndege kwa kawaida hufa kabla hujapata daktari, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mapafuni.

Sasa yafuatayo ndiyo yaliyotuchosha mimi na jirani yangu. Kikaango ni rahisi kukitambua, vingine vimejificha. Tulitoa kila kitu kabatini, tukakipanga sakafuni, tukasoma vijitabu na maandishi ya chini ya vyombo kimoja kimoja. Tulikuta utando huo kwenye mashine ya kuokea sandwichi, kwenye sufuria ya ndani ya jiko la umeme la wali, kwenye kikapu cha eafraya, yaani kikaangio cha hewa moto, kwenye trei ya keki, kwenye uso wa pasi na kwenye kitambaa kinachong'aa cha meza ya kupigia pasi. Heta za umeme, ambazo huuzwa sana Nairobi baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia, nyingine zina utando huo ndani ambapo huwezi kuuona. Baadhi ya taa za kulelea vifaranga pia hupakwa PTFE ili zisipasuke, na zimewahi kuua kuku. Usimwashie ndege wako taa ya aina hiyo kwa nia ya kumpa joto.

Usidanganywe na maandishi ya kwenye boksi. Chombo kilichoandikwa kwamba hakina PFOA kinaweza kuwa na PTFE tele, kwa sababu PFOA ni kemikali iliyotumika wakati wa kutengeneza utando, na kuiondoa hakuuondoi utando wenyewe. Unachotafuta ni tamko kwamba hakuna PTFE. Kama muuzaji hajui na boksi halisemi, mimi huhesabu kwamba imo.

Watu huniuliza kama haitoshi kufunga mlango wa jikoni au kufungua dirisha. Haitoshi. Hewa hupita chini ya mlango, na katika nyumba zetu nyingi, hasa za chumba kimoja, jikoni na sebule ni hatua tatu. Huniuliza pia kama haitoshi kupika kwa moto mdogo. Kwako wewe unayejua, pengine ingetosha. Lakini nyumbani kuna dada wa kazi, kuna wageni, kuna kijana anayekaanga yai huku akitazama simu, na simu ya dakika tano inatosha kumuua ndege. Toa vyombo hivyo kabisa, umpe ndugu asiyefuga ndege, na umweleze kila anayepika nyumbani kwako kwa nini umefanya hivyo.

Badala yake nunua kikaango kizito cha chuma kitupu, kile ambacho mama zetu wamekipikia chapati miaka yote. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanavitengeneza, na kwa maoni yangu hakuna kikaango cha dukani kinachopika chapati nzuri kuvishinda. Kipake mafuta na kukichoma mara ya kwanza nje ya nyumba, kwa sababu moshi wa mafuta yaliyoungua nao ni hatari kwa ndege. Sufuria za kawaida na za chuma cha pua hazina tatizo. Heta mpya au oveni mpya usiiwashe kwa mara ya kwanza ndege akiwa nyumbani.

Hatua ya 2: Ondoa moshi, dawa za kupuliza na manukato

Jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya joto. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, na ambayo huua ndege kwanza na wenye nyumba baadaye. Usiku wa baridi funika pande tatu za tundu kwa blanketi, uache upande mmoja wazi kwa ajili ya hewa.

Koili za mbu zitoke. Dawa za kupuliza za mende, mbu na kunguni zitoke. Ubani, udi, mishumaa yenye manukato, marashi ya kupuliza na rangi ya kucha visitumike katika chumba cha ndege. Dhidi ya mbu tumia neti, na kwa mende tumia mitego ya gundi iliyowekwa ndani ya kabati linalofungwa. Kama mwenye nyumba ameleta watu wa kupuliza dawa jengo zima, mhamishe ndege kwa jamaa kabla hawajaanza, na umrudishe tu baada ya nyumba kufunguliwa madirisha na sakafu kupigwa deki.

Kwa kusafisha tundu mimi hutumia siki iliyochanganywa na maji, kisha nasuuza. Usiichanganye kamwe siki na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Hatua ya 3: Kagua chuma cha tundu

Kasuku huguguna, na anachoguguna hukimeza. Tundu nyingi zinazouzwa barabarani husukwa kwa waya wa kuku, yaani waya uliopakwa zinki ili usishike kutu, na zinki ikimezwa kidogo kidogo humtia ndege sumu. Lisogeze tundu karibu na dirisha, uangalie maungio ya waya. Ukiona matone madogo yaliyoganda, au unga mweupe unaobaki kidoleni unapopapasa, hiyo ni zinki inayobanduka. Tundu la jirani yangu lilikuwa na unga huo kwenye kila fundo la mlango, mahali hasa ambapo ndege hutafuna.

Usugue waya wote kwa brashi ya waya na siki, usuuze, ukaushe, urudie. Kazi hiyo hupunguza hatari lakini haiimalizi, na ni kazi ya siku nzima. Kama una uwezo, nunua tundu la chuma cha pua mara moja, uachane na haya yote. Kufuli, cheni na kengele za bei nafuu zichunguze vivyo hivyo. Metali ya risasi, ambayo pia ni sumu, nayo hupatikana kwenye vizito vinavyoshonewa pindo la pazia, kwenye maungio yaliyochomelewa kwa lehemu na kwenye rangi kuukuu inayobambuka ukutani au kwenye fremu za madirisha ya nyumba za zamani. Dalili za sumu ya metali ni kiu nyingi, kutapika, kinyesi cha kijani kilichokolea, unyonge na hata degedege. Daktari anaweza kuviona vipande vya metali kwa eksirei, na sumu hii, tofauti na ile ya kikaango, inayo dawa ikiwahiwa.

Hatua ya 4: Chakula

Adui mkubwa ni parachichi, ambalo karibu kila meza ya Nairobi huliweka kando ya githeri. Lina sumu iitwayo persini, kwenye nyama, ganda, kokwa na majani, na humdhuru ndege moyo. Hakuna kipande kilicho kidogo kiasi cha kuruhusiwa. Chokoleti, kahawa, majani ya chai, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi kama krispi navyo visimfikie. Wala maharagwe makavu yasiyopikwa wala muhogo mbichi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kuvu wa karanga na mahindi. Sumukuvu ya aflatoksini ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula chenye karanga zilizooza, na hapa Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 waliokula mahindi, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mbegu za kupimiwa kwenye gunia lililo wazi mimi sizinunui tena. Chukua kiasi kidogo, zinuse, uzimwage kwenye sahani nyeupe, na ukiona zilizosinyaa, zenye vumbi la kijivu au harufu ya uvundo, tupa zote bila kuchambua. Karanga simpi ndege wangu hata kidogo.

Hatua ya 5: Maji, madirisha na paka

Kwa sababu ya mgao wa maji, karibu kila nyumba ina madramu na ndoo zilizojaa. Ndege aliyetoka tunduni hutua ukingoni ili anywe, huteleza, na hawezi kutoka. Kila chombo kiwe na kifuniko, choo pia. Funga pazia kabla ya kumwachia ndege, kwa kuwa hakioni kioo. Akikwaruzwa au kuumwa na paka, hata kama jeraha ni dogo kama ncha ya sindano, anahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Jiandae kwa siku ya hatari

Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zinamwishia. Wiki mbili baada ya kokatieli kufika, mtoto wa jirani alipanda ngazi akibisha mlango wangu: "Mjomba, mbona anahema na mkia?" Hiyo ndiyo dalili, na mtoto aliiona kabla ya watu wazima. Mgeni alikuwa amewasha udi chooni. Tuliwatoa ndege hadi kwenye veranda ya upande wenye jua, na baada ya saa moja mkia ukatulia.

Ukiona kuhema kwa mkia, mdomo wazi au ndege aliyekaa sakafuni mwa tundu, mtoe kwanza kwenye hewa safi, ndipo utafute chanzo. Mweke katika boksi dogo lenye matundu, giza na joto. Usimpe maziwa wala mafuta, wala usijaribu kumtapisha. Beba pakiti ya kitu unachokishuku na karatasi yenye kinyesi chake, uende kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Namba yake itafute leo, uulize wazi kama hutibu ndege, kwa kuwa wengi hutibu mbwa na paka tu. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete ni pahali pazuri pa kuanza kuulizia. Iandike namba hiyo kwa kalamu nene na uibandike juu ya tundu, mahali ambapo dada wa kazi ataiona.