Sensa ya kuona madini ya vimondo angani: anza na chumvi ya Uvinza

Huku Kigoma ukitaja setilaiti watu wanawaza king'amuzi, kumbe siku hizi zipo za sentimita 10 kila upande, ndogo kuliko galoni ya mawese, na humo ndani inakaa sensa ya kuangalia madini yanayoachwa na vimondo vikiungua, kama kilomita 80 mpaka 110 juu. Ni chuma, magnesiamu, sodiamu na wenzake, yakipoteza elektroni ndo yanaitwa ioni.

Usikimbilie kununua vifaa. Usiku zima taa, washa jiko la gesi, rushia punje chache za chumvi ya Uvinza kwenye moto, ile bluu inageuka njano hapohapo. Hiyo njano ni sodiamu, nanomita 589 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), haibadiliki iwe jikoni au angani. Sasa chukua boksi la viatu, toboa mpasuo mwembamba kwa wembe, upande wa pili laza kipande cha CD kwa mshazari, utoboe na katundu ka kuchungulia, utaona mstari mmoja wa njano. Mi nilivyouona mara ya kwanza nilimaliza nusu pakti ya chumvi, mama watoto akanuna.

Ioni ya magnesiamu yenyewe mwanga wake uko nanomita 279.6 na 280.3, urujuanimno, macho hayaoni na ozoni, ile gesi ya huko juu, inaumeza wote kabla haujatufikia, ndo maana lazima upande juu ya ozoni. Chombo cha SCIAMACHY kiliipima kikiwa ndani ya Envisat, setilaiti ya Ulaya, 2002 hadi 2012, ila lile lilikuwa dude la tani 8! Kwa dogo lako weka lensi ya kwatzi (kioo cha kawaida kinakula mwanga huo), fotodayodi ya urujuanimno (kidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme), na filta mbili, moja ya 280 na nyingine ya pembeni kidogo ili utoe mwanga usiohusika.

Kazi iko kwenye kulenga. Kiangazi ukitazama juu hapa mjini anga ni safi, ukitazama ng'ambo milima ya Kongo imemezwa na ukungu, kwa sababu jicho linapita kwenye ukungu mwingi zaidi. Setilaiti nayo inatazama ukingo wa dunia hivyohivyo. Ikiwa kilomita 500 juu, tabaka la madini liko mbele yake kilomita 2,300 hivi, kwahiyo ukikosea nyuzi 1 tu, upana wa kidole cha mwisho ukinyoosha mkono, umehama kilomita 40, tabaka lote umelikosa. Pesa ya kwanza basi iende kwenye kamera ya nyota, ile inayotazama nyota ili setilaiti ijue imeelekea wapi, fotodayodi ya bei mbaya itasubiri.

Halafu ioni hizi zinang'aa kwa mwanga wa jua. Kila mzunguko wa dakika kama 95 setilaiti inaweza kukaa gizani hadi dakika 35, hapo usiizime sensa, iache isome giza, namba itakazotoa ndo kelele yake yenyewe, utazitoa kwenye vipimo vya mchana.