Kumfundisha mtoto mwenye usonji kusoma sura za watu
Anza na picha za watu wa nyumbani kwenye simu, si vikatuni: bibi akicheka, kaka amenuna. Kwanza furaha na hasira tu. Hofu na mshangao huwachanganya wengi, maana macho hutanuka kote kuwili. Ziache hadi mwisho. Usimlazimishe akutazame machoni, kutazamana machoni huwaumiza wengi; mdomo, sauti na mabega vinatosha kuanzia. Ila Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikibana, skafu huficha mdomo, basi sema wazi: “Nimekasirika, maziwa yamemwagika.” Dakika tano kwa siku. Akikosea mpe jibu, usimhoji. Asipoweza kutaja hisia zake mwenyewe, anzia hapo, sura za wengine zisubiri.