Jinsi ya Kuuza Mashua Kongwe ya Matanga ya Familia Katika Ziwa Victoria

Mashua ya matanga iliyoko Ziwa Victoria haina njia ya maji ya kufika baharini. Mto Nile, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa, umezibwa na bwawa pale Jinja tangu mwaka 1954, na hata kabla ya bwawa hilo maporomoko yasingeruhusu chombo chenye mkuku, yaani uti mzito unaoshuka chini ya mashua, kupita salama. Kwa hiyo mtu anayeuza mashua ya familia yake akiwa huku Uganda, iwe Entebbe, Munyonyo au Kaazi, ana wanunuzi wa aina mbili tu: mtu wa ziwa hili hili, awe wa Uganda, Kenya au Tanzania, au mtu aliye tayari kuipakia kwenye lori na kuisafirisha zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mombasa. Huyo wa pili ni adimu. Huyo wa kwanza utakutana naye tena kwenye maji, pamoja na rafiki zake, na lolote ulilomficha atalijua katika msimu wa kwanza wa mvua. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: kasoro za mashua zitajwe na muuzaji mwenyewe, mapema, kwa maandishi.

Ninaandika baada ya kuuza ya kwetu, mashua ya fibaglasi yenye urefu wa futi 26 na mikuku miwili, iliyojengwa Uingereza katika miaka ya 1970 na ambayo baba yangu aliitunza Entebbe kwa miaka kumi na tisa.

Kikao cha familia kwanza

Kabla ya kupiga picha hata moja, kaeni kikao. Mashua iliyonunuliwa na mzazi na kupakwa rangi na watoto huwa na wenyewe wengi kuliko jina lililo kwenye hati, na mauzo mengi huvunjika dakika ya mwisho kwa sababu mmoja wao hakuulizwa. Kama mwenye jina amefariki, hakuna mjane wala mtoto anayeweza kuiuza kihalali mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi ndiye atakayetia sahihi. Kama yu hai lakini nguvu zimempungua, muachieni yeye neno la mwisho.

Sisi tulikaa sebuleni kwa Mama. Mdogo wangu alisema, "Dada, mimi sitaki iuzwe, lakini tangu mwaka jana sijapata hata Jumamosi moja ya kuipaka rangi." Neno hilo lilimaliza ubishi. Tukakubaliana mambo manne papo hapo na kuyaandika: bei ya kuanzia, bei ambayo hatutashuka chini yake, nani pekee atakayezungumza na wanunuzi, na vitu vitakavyobaki nyumbani. Dira ya shaba tulibaki nayo. Daftari la safari la baba tulilinakili ukurasa kwa ukurasa, kisha lile la asili tukaamua liende na mashua, kwa sababu humo ndimo zilimo tarehe za kubadilisha oili, za kushona matanga na za kila ukarabati. Daftari kama hilo lina uzito mkubwa kwa mnunuzi kuliko rangi mpya.

Itoe majini uikague wewe mwenyewe

Usimtume mtu kupiga mbizi chini ya mashua. Maji ya kandokando ya ziwa hayaonyeshi kitu kwa uwazi, na kichocho kipo. Mashua itolewe nje. Hapa wenye mikuku miwili wana nafuu kubwa, kwa kuwa chombo cha namna hiyo husimama chenyewe juu ya ardhi. Westerly Centaur, kwa mfano, mashua ya futi 26 iliyojengwa Uingereza kati ya mwaka 1969 na 1980, inahitaji kina cha sentimita 91 tu na ina uzito wa tani tatu hivi, hivyo trela imara na trekta huweza kuivuta hadi ufukweni. Mashua yenye mkuku mmoja mrefu inahitaji kreni na fremu ya kuisimamisha, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ikishakauka siku chache, piga magoti na uitazame kwa karibu. Maji baridi yasiyo na chumvi hupenya kwenye fibaglasi kwa urahisi zaidi kuliko maji ya bahari, na mashua inayokaa ziwani mwaka mzima bila kutolewa huota malengelenge chini ya mstari wa maji. Toboa moja kwa ncha ya kisu: likitoa majimaji yenye harufu kama ya siki, basi maji yameshaingia ndani ya tabaka. Jambo hili huwatisha watu kupita kiasi. Malengelenge machache hukwanguliwa, yakaachwa yakauke kwa majuma kadhaa, kisha yakazibwa kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Yahesabu, weka sarafu ya shilingi 500 kando ya lile kubwa, upige picha. Ya kwetu yalikuwa kumi na manne upande wa kulia na sita upande wa kushoto, na hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye tangazo.

Kwenye sitaha tumia sikio. Chukua bisibisi, ishike upande wa chuma, ugonge taratibu kwa mpini, sentimita kumi kwa kumi, ukianzia kwenye omo, yaani sehemu ya mbele. Palipo pazima panatoa mlio mkavu na mkali. Palipo na uozo panajibu kwa sauti nzito, iliyozibwa, kama ya kugonga godoro. Mashua nyingi za umri huo zina mbao katikati ya matabaka mawili ya fibaglasi, na maji ya mvua huingilia kwenye matundu ya boliti, hasa pale nyaya za mlingoti zinapofungwa. Maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi, na mvua sisi tunayo. Zungushia chaki kila eneo lenye sauti nzito na uiache chaki hiyo ionekane kwenye picha.

Angalia pia mkuku unapoungana na bodi, kwa kuwa huko ndiko uzito wote hukaa. Ufa mwembamba wa rangi unaweza kuwa wa juu juu tu, lakini ufa unaorudi kila ukipakwa rangi, au unaotoa maji mashua ikiwa nchi kavu, unahitaji fundi kabla ya mnunuzi. Kwa upande wa vyuma, ziwa letu ni la upole: hakuna chumvi ya kuvila wala makombe ya kung'ang'ania bodini. Jambo moja tu wanaoagiza vipuri kutoka pwani hulikosea. Vile vipande vya zinki vya kukinga vyuma dhidi ya kutu vimeundwa kwa ajili ya bahari, na katika maji baridi hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo huku vinatakiwa vya magnesi.

Matanga, nyaya na injini

Mstari wa ikweta unapita ndani ya ziwa, kusini kidogo mwa Entebbe, na jua hilo huua nyuzi kabla ya kuua kitambaa. Kwaruza mshono wa tanga kuu kwa ukucha. Uzi ukikatika, tanga linahitaji kushonwa upya hata kama kitambaa kinaonekana kizima. Kunjua kila tanga kabisa, kwa maana usubi wa ziwani hulala kwenye mikunjo kwa maelfu na kuacha madoa yenye unyevu. Nyaya zinazoshikilia mlingoti zipitishie pamba kutoka chini hadi juu: pamba ikinasa, kuna uzi wa chuma uliokatika, na waya huo ubadilishwe bila mjadala.

Injini ya dizeli iwashwe mbele ya mnunuzi ikiwa baridi, naye mwache aiguse kwanza ahakikishe hukuipasha moto. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji yamechanganyika nayo. Moshi mweusi kidogo unapoongeza kasi una maelezo yake hapa: ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza sehemu ya nguvu zake. Mnunuzi aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam aelezwe hilo mapema. Safisha pia kichujio cha maji ya kupozea, kwa kuwa mizizi ya gugu maji huziba hapo, na injini ikichemka siku ya majaribio hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Hati

Tangu MV Templar ilipozama tarehe 24 Novemba 2018 karibu na ufuko wa Mukono, ikiwa imebeba watu waliokwenda kustarehe, ukaguzi wa vyombo vya burudani nchini Uganda si jambo la kupuuza. Sheria ya Usafiri katika Maji ya Ndani ya Nchi ya mwaka 2021 inataka vyombo visajiliwe na kuwa na leseni, na wizara inayohusika ni ya Ujenzi na Uchukuzi. Isitoshe, mwaka 2017 jeshi lilianza doria ziwani kupambana na uvuvi haramu, na mashua yoyote iliweza kusimamishwa. Kusanya hati ya usajili, leseni, stakabadhi ya ununuzi wa kwanza na hati za forodha zinazoonyesha kwamba mashua iliingizwa nchini kwa kulipiwa ushuru. Mnunuzi wa Kisumu au Mwanza ataulizwa hizo za forodha atakapofika kwao, na zikikosekana bei yako itashuka au biashara itakufa. Kama hazipo, mtafute wakala wa forodha kabla ya kutangaza.

Tangazo

Andika kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine utakazopenda, kwa sababu Kiswahili ndicho kitakachovuka hadi Bukoba, Mwanza na Kisumu. Vipimo vitangulie, kasoro zifuate, na maneno ya kusifu yawe machache. La kwetu lilianza hivi:

"Mashua ya matanga ya fibaglasi, urefu mita 7.9, kina sentimita 91, mikuku miwili, vitanda vitano. Injini ya dizeli inawaka ikiwa baridi. Tanga kuu limeshonwa upya mwaka jana. Tanga la mbele limechoka. Malengelenge 20 chini ya mstari wa maji. Sitaha ina sehemu mbili laini karibu na mlingoti, tazama chaki kwenye picha. Ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua) ni kavu. Ipo Entebbe, nje ya maji."

Waliopiga simu baada ya kusoma hayo walikuwa sita tu, lakini wote walijua wanachokifuata. Picha zichukuliwe asubuhi kabla jua halijawa kali, na iwepo picha ya ngama, ya injini, ya chini ya vitanda na ya kila waya unapofungwa. Picha za machweo ziache. Mnunuzi wa kweli hazimsaidii.

Siku ya kuja kutazama

Toa mazulia, fungua kila kifuniko, na uondoe vitu vyenu vyote. Mzee mmoja kutoka Mwanza alipoingia ndani hakuangalia mlingoti wala matanga. Alimgeukia mama yangu akasema, "Shikamoo Mama. Naomba unifungulie hapo chini." Mama akainua ubao wa sakafu. Mzee akashusha mkono wake wote hadi kwenye ngama, akautoa, akatazama vidole. Vilikuwa na vumbi. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza bei.

Safari ya majaribio ifanyike baada ya mashua kurudishwa majini na arbuni, yaani malipo ya awali, kulipwa. Desturi ya biashara ya mashua ni asilimia 10, na maandishi yaeleze wazi kwamba itarudishwa ikiwa ukaguzi au majaribio yataonyesha kasoro isiyotajwa. Usiondoke alfajiri: radi na dhoruba za ziwa hili hupiga sana usiku na saa za mapema. Subirini anga lifunguke na upepo wa kutoka ziwani uanze kuvuma kuelekea pwani, kisha mvae jaketi za kuokolea nyote, hata mtu anayejua kuogelea. Mwachie mnunuzi usukani. Ageuze mashua pande zote mbili, apunguze tanga, azime injini na kuiwasha tena, naye asikie mwenyewe kama kuna kinachogonga.

Malipo na makabidhiano

Hati ya mauziano iandikwe na wakili, itaje urefu, mwaka, namba ya usajili, namba ya injini na kasoro zote zilizomo kwenye tangazo, na ishuhudiwe na mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa nchini Uganda) wa eneo lenu pamoja na shahidi mmoja wa kila upande. Fedha zipite benki. Mtu akileta cheki, au akionyesha ujumbe wa simu kwamba pesa zimetumwa, mashua ibaki imefungwa palepale mpaka benki yako yenyewe ithibitishe kwamba zimeingia, hata kama mnunuzi ni jamaa.

Baada ya hapo peleka taarifa ya uhamisho wa umiliki mahali ilikosajiliwa, ili ajali itakayotokea mwakani isije ikabisha mlangoni kwenu, na umjulishe mwenye eneo la kuegesha kwamba kodi ya mwezi ujao si yako tena. Nusu siku ya mwisho mpe mnunuzi: mwonyeshe valvu za maji moja baada ya nyingine, namna ya kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, na kamba ipi inapandisha tanga lipi. Mdogo wangu alifunga karatasi yenye jina kwenye kila kamba kwa uzi mwekundu, akakabidhi funguo na daftari, kisha akakaa gatini mpaka mashua ilipopita ncha ya rasi kuelekea kusini.